Jinsi ya Kuwa Mzimamoto wa Kujitolea Marekani: Mwongozo Kamili kwa Anayeishi Viungani mwa Jiji

Wazimamoto walio wengi Marekani hawalipwi mshahara. Mchana wana kazi zao hospitalini, maghalani, mashuleni au kwenye malori, na usiku peja (kifaa kidogo cha kuwaita) ikilia ndio wanaopanda gari la zimamoto. Utaratibu huu ni mkongwe kuliko taifa lenyewe: Benjamin Franklin na wenzake walianzisha Union Fire Company mjini Philadelphia mwaka 1736. Leo vikosi vya aina hiyo vinalinda viunga vingi ambako Waswahili wamehamia, na karibu vyote vina upungufu wa watu.

Jambo moja lieleweke mapema. Kikosi kitakufundisha kila kitu kuhusu moto, hata kama hujawahi kushika mpira wa maji maishani. Kisichoweza kukupa ni muda, na tabia ya kufika ulipoahidi kufika. Wanaoshindwa wengi hushindwa kwenye karatasi, kwenye ratiba na kwenye maelewano ya nyumbani, kabla hata hawajauona moshi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo hayo.

Kijue kikosi cha mtaa wako

Vikosi ni vya aina tatu. Vipo vya kujitolea tupu, kama vilivyo vingi kwenye kaunti za Nassau na Suffolk huko Long Island, New York. Vipo vya mchanganyiko, ambavyo ndivyo utakavyovikuta kwenye viunga vya Washington: Montgomery na Prince George's upande wa Maryland, na Fairfax upande wa Virginia. Huko waajiriwa na wanaojitolea hupanda gari moja na hupimwa kwa mafunzo yaleyale. Aina ya tatu ni ya waajiriwa watupu, na huko hakuna nafasi ya kujitolea kuzima moto.

Uliza pia namna ya kuitikia wito. Kuna vituo ambako unaitikia kutoka nyumbani peja ikilia, na kuna vituo ambako unashika zamu na kulala hapohapo, tuseme usiku mmoja kwa wiki. Kwa mwenye watoto wadogo au kazi mbili, zamu ya kituoni mara nyingi ndiyo nafuu, kwa sababu familia inajua siku ipi haupo na siku ipi upo mzima.

Umbali una uzito wake. Kiwango cha NFPA 1720, cha chama cha kitaifa cha kujikinga na moto, kilichoandikwa kwa ajili ya vikosi vya kujitolea, kinaelekeza kwamba kwenye viunga vyenye watu 500 hadi 1,000 kwa maili moja ya mraba, wazimamoto 10 wawe wamefika ndani ya dakika 10 katika asilimia 80 ya miito. Ukikaa dakika 15 kutoka kituoni huwezi kuingia kwenye hesabu hiyo ukiwa nyumbani, na kikosi kinaweza kukukataa au kukupangia zamu za kulala tu. Tafuta kwanza kituo kinachohudumia anwani yako, ndipo uangalie kingine.

Usipeleke maombi kwa mtandao na kukaa kungoja. Vituo vingi vina jioni moja ya mazoezi kila wiki. Piga simu ya ofisi (kamwe si 911), uliza ni siku gani, nenda ukasalimie. Maswali ya kuuliza:

- Kiwango cha chini cha zamu au miito kwa mwezi ni kipi?
- Mafunzo ya msingi yanaanza lini, na nani analipa?
- Je, mavazi ya moto nitapewa mapya au yaliyotumika, na yametengenezwa mwaka gani?
- Bima inaanza siku gani: siku ya kupokelewa au baada ya mafunzo?
- Kuna nafasi gani kwa asiyeingia kwenye moto?

Kituo kinachojibu maswali haya bila kusitasita kinaendeshwa vizuri.

Karatasi: hapa ndipo wengi hukwama

Umri wa kawaida ni miaka 18. Vijana wa miaka 16, na kwingine hata chini ya hapo, huingia kwenye mpango wa vijana bila kuruhusiwa kuingia kwenye moto. Utatakiwa kuwa na kitambulisho, leseni ya udereva, rekodi yako ya uendeshaji gari, na ridhaa ya kuchunguzwa rekodi ya makosa, mara nyingi kwa alama za vidole. Baadhi hudai cheti cha sekondari au GED, mtihani unaolingana nacho.

Vikosi vingi havidai uraia. Vinatazama ukaazi halali. Ila fomu nyingi zina kisanduku cha uraia, na hapo uwe mwangalifu sana: asiye raia akijaza kuwa ni raia, hata kwa kupitiwa, anaweza kujifungia mlango wa uhamiaji maisha yake yote. Kama huelewi swali, liache wazi na umuulize katibu wa kikosi. Mwenye viza ya mwanafunzi, au anayesubiri uamuzi wa hifadhi, azungumze na ofisi ya wanafunzi wa kigeni au wakili wake kabla ya kupokea hata posho ndogo, maana posho inaweza kuhesabiwa kuwa ujira.

Tatizo jingine la watu wetu ni majina. Leseni inasema jina la baba mwishoni, kadi ya ukaazi inasema la babu, cheti cha shule kina majina matatu. Waliokuja kama wakimbizi wengi wameandikiwa tarehe 1 Januari kuwa siku ya kuzaliwa. Hakuna kosa katika hayo, lakini mchunguzi wa rekodi akikuta karatasi mbili zinapingana faili lako hukaa mezani kwa wiki nyingi. Tumia majina na tarehe ya hati yako ya uhamiaji kwenye kila fomu, na uambatanishe maelezo mafupi ya maandishi kuhusu tofauti iliyopo. Faini za barabarani zilizosahauliwa zilipe kabla ya kuomba.

Kosa la zamani halikufungii moja kwa moja. Kulificha ndiko kunakufungia. Uchomaji moto wa makusudi, hata hivyo, kwa kawaida hausameheki.

Baada ya hapo hufuata mahojiano. Kikosi cha kujitolea mara nyingi ni chama kinachojitegemea, chenye katiba na mikutano ya mwezi, na wanachama ndio wanaopiga kura kukupokea. Ukikosa mkutano wa mwezi huu unasubiri ujao. Toka kuomba hadi kupokelewa, tarajia mwezi mmoja hadi mitatu.

Daktari na mwili

Mshtuko wa moyo ndio unaoongoza kuua wazimamoto wa Marekani wakiwa kazini, hivyo daktari ataangalia moyo kwa makini: shinikizo la damu, na kwa wenye umri mkubwa kidogo kipimo cha umeme wa moyo. Atapima pia mapafu, macho na masikio. Kama una shinikizo la damu, anza matibabu miezi kadhaa kabla. Shinikizo linalodhibitiwa kwa dawa kwa kawaida halikuzuii.

Uliyechanjwa BCG (chanjo ya kifua kikuu, TB) utotoni, na karibu kila aliyezaliwa Afrika Mashariki au Kongo amechanjwa, kipimo cha TB cha ngozi kinaweza kuvimba ingawa huna maambukizi. Mwambie muuguzi mapema na uombe kipimo cha damu kinachoitwa IGRA, ambacho hakichanganywi na BCG. Usipofanya hivyo utatumwa eksirei na kupotezewa wiki. Chanjo ya homa ya ini aina ya B kwa kawaida kikosi hutoa bure. Ile ya kawaida ni dozi tatu ndani ya miezi sita, basi ianze mara moja.

Kuhusu nguvu, vikosi vingi vya kujitolea havitumii CPAT, jaribio la nguvu la waajiriwa, lakini ni kipimo kizuri cha kujipima. Lina vituo 8, na vyote vimalizwe ndani ya dakika 10 na sekunde 20 ukiwa umevaa fulana ya ratili 50, kama kilo 23. Kinachowaangusha wengi ni ngazi za mwanzo: dakika 3 kwa mwendo wa hatua 60 kwa dakika, ukiongezewa ratili 25 juu ya zile 50. Jifanyie mazoezi wiki 8 hadi 12. Panda ngazi za jengo ukiwa na begi zito, ukianza na kilo 10 na kuongeza taratibu. Beba madumu mawili ya lita 20 yaliyojaa maji kwa mita 25, rudi nayo. Vuta kwa nyuma mzigo wa kilo 75, uzito wa mtu mzima, kwa mita 20. Kukimbia mbio ndefu kunasaidia pumzi, lakini hakufundishi mgongo na mikono kubeba.

Ndevu, nywele na hijabu

Barakoa ya hewa lazima ishikane na ngozi pande zote. Kanuni ya usalama kazini ya serikali, OSHA 1910.134, hairuhusu nywele zozote kati ya mpira wa barakoa na uso. Mustachi usiogusa mpira hauna neno, ila ndevu za kidevuni na mashavuni zinazopita hapo ni lazima zinyolewe. Asiyetaka kunyoa kwa sababu za dini hakosi kazi. Ambulensi, uongozaji wa magari barabarani, uhasibu na elimu kwa jamii ni nafasi zinazohitaji watu kila kituo. Sema mapema ili upangiwe huko.

Misuko lazima ikae chini ya kofia ya kitambaa isiyoshika moto, bila kuinyanyua barakoa kisogoni wala kushusha helmeti machoni. Misuko minene juu ya kichwa huleta matatizo, ya chini na bapa haileti. Nywele za bandia za plastiki huyeyuka zikipata joto kali, hivyohivyo hijabu ya poliesta. Kwa wanaovaa hijabu, ile kofia ya kitambaa hufunika kichwa na shingo, na chini yake unaweza kuvaa ya pamba nyepesi isiyo na pini. Mwezi wa Ramadhani mjulishe mkufunzi mapema: mazoezi ya moto halisi yenye joto kali yapangiwe tarehe nyingine kuliko kuanguka kwa kukosa maji.

Mafunzo

Kabla ya darasa kubwa, fungua namba ya mwanafunzi kwenye tovuti ya FEMA, idara ya serikali kuu ya maafa, na umalize kozi mbili za bure: IS-100 na IS-700, zinazoeleza jinsi uongozi wa tukio unavyopangwa. Jioni tatu zinatosha. Kisha CPR (kumfufua mtu ambaye moyo wake umesimama), na somo la kujikinga na maradhi yanayoenezwa kwa damu.

Cheti cha msingi huitwa Firefighter I. Huchukua kati ya saa 100 na 200 kutegemea jimbo, kwa jioni mbili za wiki na Jumamosi nyingi, kwa miezi mitatu hadi sita, na hutangulia au huambatana na somo la kemikali hatari. Kwa Maryland, mafunzo hutolewa na MFRI, taasisi iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Maryland. Kukosa vipindi viwili au vitatu kunaweza kukutoa darasani, kwa hiyo kabla ya kujiandikisha chukua kalenda nzima ya kozi, ipeleke kwa meneja wako kazini, na uiweke mezani nyumbani mbele ya mume au mke. Kama kuna arusi, safari ya nyumbani au msimu wa ovataimu humo katikati, subiri darasa linalofuata.

Lugha huwatia watu hofu bure. Kiingereza cha redio ni kifupi na kinajirudia. Sema unaitwa nani na unamwita nani, subiri ujibiwe, toa ujumbe kwa maneno machache, kisha mwenzako aurudie. Sikiliza redio ya kituo wiki kadhaa na utaizoea. Kitu cha kukariri mpaka kitoke bila kufikiri ni wito wa hatari: Mayday mara tatu, kisha ulipo, kikosi chako, jina lako, ulichokuwa unafanya, na unachohitaji.

Mitihani ya vitendo ndiyo inayowatenga watu, na wa kwanza ni kuvaa. Vyuo vingi hutaka uvae mavazi kwa sekunde 60 na mtungi wa hewa kwa sekunde 60 nyingine. Mpangilio ni huu. Suruali huwa imekunjwa juu ya buti, unaingiza miguu na kuvuta kanda za mabegani. Kofia ya kitambaa inavaliwa na kushushwa shingoni. Koti, zipu, kola juu. Fungua valvu ya mtungi hadi mwisho na usikilize kengele ikilia kwa muda mfupi. Isipolia, mtungi huo usiingie nao popote. Linganisha geji ya mtungi na ile ya begani. Vaa kanda, kaza ya kiunoni ili uzito ukae nyongani badala ya mabegani. Barakoa huanzia kidevuni. Kanda za chini hukazwa kwanza, kwa kuvuta moja kwa moja kuelekea nyuma, kisha za juu. Ziba tundu la hewa kwa kiganja na uvute pumzi: barakoa igande usoni na ibaki hivyo. Ndipo kofia ya kitambaa ipande juu ya ukingo wa barakoa, helmeti na kanda yake ya kidevu, glovu mwisho.

Makosa ni yaleyale kila darasa. Ukingo wa kofia ya kitambaa umebanwa chini ya mpira, na hewa inavuja. Kanda zimekazwa kupita kiasi, barakoa inapinda. Valvu imefunguliwa nusu, na ikigongwa ukutani inajifunga. Glovu zimevaliwa mapema, na vidole havishiki tena kitu. Anza polepole kwa usahihi, mara kumi kila jioni, na kasi itakuja yenyewe.

Mtungi ulioandikwa dakika 30 hautakupa dakika 30. Mtu anayefanya kazi nzito huumaliza kwa dakika 15 hadi 20. Mitungi ya sasa hupiga kengele hewa ikibaki theluthi moja, na wakati huo unapaswa uwe tayari unatoka. Kifaa kinacholia mtu asipojongea kwa sekunde 30 usikizime kwa kuudhika. Jitikise kidogo kinaponung'unika.

Kazi ya pili ya mwanagenzi ni hidranti, bomba la maji ya kuzimia moto lililo kando ya barabara, na inastahili uangalifu kuliko inavyopewa. Fungua kifuniko kikubwa, hakikisha vile vidogo vimekazwa, simama pembeni, toa maji kidogo yasukume mawe na kutu, funga, kisha unga mpira. Hapo usubiri. Usifungue mpaka dereva wa pampu atoe ishara, kwa sababu maji yakiingia kwenye mpira ambao bado uko juu ya gari, kitanda chote cha mipira hukaza kama mti na gari halifai tena. Ishara ikitoka, zungusha taratibu hadi mwisho kabisa. Hidranti za maeneo ya baridi zina tundu la kumwaga maji chini ya ardhi, ambalo huziba kikamilifu pale tu valvu inapokuwa wazi yote. Ukiiacha nusu, maji huvuja chini na kulainisha udongo unaoishikilia. Kufunga nako kuwe kwa taratibu. Kufunga ghafla hutuma pigo la maji linalopasua mabomba ya mtaa.

Zingine pitia kwa mpangilio wa darasa: mpira wa shambulio wa inchi 1¾, vipande vya futi 50 na jinsi ya kuutandaza bila mikunjo, ngazi ya futi 24 isimamishwe kwa pembe ya nyuzi 75, na msako wa chumba kwa kufuata ukuta. Kuhusu moto wenyewe, shika hili: samani za leo zimejaa plastiki na sponji, na chumba kinaweza kulipuka moto chote kwa chini ya dakika 5. Mlango uliofungwa huchelewesha hilo. Waambie na watoto wako walale mlango ukiwa umefungwa.

Mwaka wa majaribio

Utafagia, utaosha magari, utapika. Tumia kazi hizo kujifunza. Fungua kila sanduku la gari kila zamu, na ujipime: mtu akitaja kifaa, uende kwenye mlango sahihi bila kubahatisha. Miito mingi haitakuwa moto hata kidogo. Ni ajali, mzee aliyeanguka, kengele ya moshi iliyolizwa na sufuria. Ukichoka nayo haraka, kazi hii si yako.

Kiswahili chako ni kifaa. Kwenye viunga vyenye familia za Wakongo, Warundi au Wasomali wa Bantu wanaokijua, bibi aliyeshikwa na hofu atakueleza kwa dakika moja kilichowachosha wenzako kwa robo saa. Omba pia upewe kazi ya elimu kwa jamii: kengele za moshi zisizo na betri, mafuta yaliyoachwa jikoni, na zaidi ya yote jiko la mkaa lililoingizwa ndani wakati wa baridi. Kaboni monoksidi, hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa huo, haina harufu wala rangi.

Usiendeshe gari lako kwa kasi kwenda kituoni. Katika New York taa ya buluu ya mzimamoto wa kujitolea ni ombi tu la kupishwa, haikupi haki ya kupita. Ajali za njiani ni hatari kubwa ya kweli kwa wanaoitikia kutoka nyumbani. Funga mkanda, kwenye gari lako na la kikosi.

Uchafu wa moshi

Mwaka 2022 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliweka kazi ya uzimamoto kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Baada ya moto, kabla ya kuvua barakoa, mwenzako akusugue koti kwa brashi na maji ya sabuni. Futa shingo, uso na mikono. Badilisha kofia ya kitambaa. Oga ndani ya saa moja. Mavazi ya moto usiyaweke kwenye gari la familia, hasa kwenye kiti cha mtoto, wala usiyafue nyumbani. Kituo kina mashine yake. Kwa mujibu wa viwango vya NFPA, mavazi yastaafishwe yakitimiza miaka 10 tangu yatengenezwe. Tarehe imeandikwa kwenye lebo ya ndani, isome siku ya kupewa.

Pesa, bima na fomu ya mrithi

Usitarajie kipato. Majimbo na kaunti nyingi hutoa nafuu ya kodi, ada za masomo au malipo madogo ya uzeeni yaitwayo LOSAP, na sheria ya shirikisho huondolea kodi marupurupu hadi dola 50 kwa kila mwezi wa huduma. Serikali kuu pia ina fidia ya PSOB kwa mzimamoto anayefariki au kupata ulemavu wa kudumu kazini, na wa kujitolea wamo. Siku ya kupokelewa utapewa fomu ya mrithi. Ijaze siku hiyohiyo, majina yafanane na pasi za wahusika hata kama wako Bujumbura au Tanga, na mwonyeshe mwenza wako nakala ilipo. Ukioa, ukizaa au ukitalikiana, ibadilishe.

Baada ya mwaka wa kwanza unaweza kuchagua njia: Firefighter II, kozi ya EMT (mhudumu wa ambulensi) ambayo ni saa 150 hadi 190 na hufungua mlango wa ajira, au udereva wa gari la dharura. Kila mwaka utarudia kipimo cha barakoa usoni, na uzito ukipungua au kuongezeka sana, au ukibadilishiwa meno, omba kipimwe mapema bila kungoja tarehe.